Gunzi Uliloliacha Kwenye Mashine

Mwaka umezunguka, Baba yetu Isaka Yordani, tangu ulipojilaza baada ya chakula cha mchana, unga wa gunzi ukiwa bado kwenye nyusi zako, na hukuamka tena. Mashine yako ya kukereza ulikuwa umeizima kwa muda tu. Patasi uliiacha juu ya kitambaa, kama mtu anayerudi sasa hivi.

Watu wa Old Korogwe bado wanakutaja wakipita karakana yako jirani na mto. Fundi kalamu. Wageni walidhani ni mahali pa kununua Bic, wakaingia, wakakukuta umefunga gunzi la mahindi kwenye mashine uliyoiunda kwa mota ya pampu kuukuu. Linazunguka mpaka linakuwa kama ukungu, nawe umeinama, unaligusa kwa ncha ya patasi polepole, kama anayemfuta mtoto machozi usingizini. Ulikereza kalamu kwa vitu ambavyo wengine huvitupa: vifuu vya nazi, milingoti ya mkonge, matunda makavu ya misonobari yaliyoletwa kutoka milimani. Lakini magunzi uliyapenda kuliko vyote. Ulisema kila mtu amewahi kulishika gunzi na hakuna aliyewahi kulitazama.

Rafiki yako Mzee Mhina wa Handeni alikutumia magunzi kwa basi, gunia zima, na akija mwenyewe hakukosa neno. Alisema Washambaa mmemaliza kula mahindi ya Wazigua, sasa mnataka kuandikia mabaki. Ukamjibu kwamba Mzigua ukimpa kalamu ataitafutia mboga. Mkacheka, mkanywa kahawa ya Mama.

Ile kahawa, Baba, ulikuwa mwizi wake mkubwa. Gunzi likiwa na tundu au ufa, ulijaza unga wa kahawa, ukadondosha gundi nyepesi juu yake, pakaganda pakawa pagumu kama jiwe. Asubuhi Mama Raheli alifungua kopo, akaona limepungua, akaja kusimama mlangoni pa karakana.

"Baba Upendo, nani kanywa kahawa yangu? Wewe au gunzi?"

"Gunzi, mama," ulijibu bila kugeuka. "Mimi nilikuwa nalisindikiza tu."

Ulitengenezea kalamu watu wengi, na wengine hukuwajua hata majina. Upendo, binti yako wa kwanza, alipokwenda chuo ulimpa ya mlingoti wa mkonge, nyepesi hata akawa anaupapasa mfuko kuhakikisha ipo. Mama peke yake hakuwa nayo. Alisema yeye aandike nini, zaidi ya majina ya wanakwaya. Ukasema kalamu yake inasubiri gunzi lake.

Sote tulijua ni gunzi gani. Mliposhuka kutoka Kerenge mkiwa wachanga wa ndoa, bibi yetu alimpa Mama mahindi ya mbegu, akayaning'iniza juu ya jiko yapate moshi. Mlipanda, mkavuna, mkajenga. Gunzi moja Mama hakulitia motoni. Likakaa pale juu ya jiko miaka yote, mpaka likawa na rangi ya ukwaju. Ulilishusha kwa ruhusa yake. Nusu yake ulikuwa umeshainywesha gundi na kuikereza, ikang'aa, na vile vishimo vya punje vikaonekana kama sega la asali. Nusu ya pili ilikuwa bado ina kiu ulipokwenda kujilaza.

Tukakuzika Kerenge. Tuliporudi tuliifunika mashine kwa kanga ya Mama, gunzi likiwa palepale lilipofungwa, tukafunga mlango. Tulikubaliana asiguse mtu. Tuliona ndiyo namna ya kukutunza. Upendo alikuwa mlinzi mkali kuliko sisi wote. Alikuwa amemaliza chuo, anasubiri ajira ya ualimu, na mara nyingi alikaa kizingitini pa karakana akisikiliza ukimya wa ndani. Aliamini kwamba kitu kikiachwa kama kilivyo, na wewe ungekuwepo kidogo.

Alikuota. Katika ndoto mashine inazunguka bila kelele, unga mweupe unapanda ndani ya mwanga unaopenya tundu la bati, wala hautui. Unaizima, unagonga gunzi kwa ukucha, unainamisha sikio, kama ulivyofanya siku zote. Likitoa sauti nzito, ulikuwa ukisema, lina kiu, liongezee gundi. Likilia kama kikombe, endelea. Upendo anasogea asikie. Anaamka kabla sauti haijamfikia.

Masika yalipokuja bati likavuja, ikabidi Gerald, mdogo wake, afungue mlango. Alitoka na uso uliobadilika, akamwita dada yake. Chini ya meza, gunia la Mzee Mhina lilikuwa limegeuka unga. Dumuzi. Wale wale wanaokula mahindi ghalani walikuwa wamekaa kwa raha zao katika chumba ambacho hakuna anayeingia. Upendo akafunua kanga. Nusu uliyoikereza ilikuwa salama. Nusu kavu ilikuwa imetobolewa matundu kila upande.

Alilia kwa sababu aliona hakuna njia. Wakiliacha, dumuzi watalimaliza. Akiliwekea patasi, litapukutika mkononi mwake, na hakuna gunzi lingine la bibi duniani. Mzee Mhina alikuja kutupa pole. Alilitazama muda mrefu, akasema dumuzi naye alikuja msibani, akakuta chakula hakina mwenyewe. Kisha akafuta macho kwa kofia yake.

Upendo alisema walifunike tena kwa sanduku la kioo, wapulizie dawa, libaki hivyo hivyo kama kumbukumbu.

"Baba yako alikuwa ananitengenezea kalamu," Mama alisema. "Hakuwa ananitengenezea kaburi la pili. Kaburi lake liko Kerenge."

Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na kopo la kahawa, lote. Akaliweka mezani kando ya patasi yako, akakaa kwenye stuli ya wateja.

Hivyo ndivyo binti yako alivyoanza, Baba. Aliwatoa dumuzi kwa sindano, akajaza kahawa tundu moja baada ya jingine, akadondosha gundi, akangoja. Aliposhika patasi Gerald akamwambia apumue kwanza, maana hata gunzi linamwogopa. Mashine ikawaka. Kelele yake tulikuwa tumeisahau, na jirani yetu Mwaija akaja mbio hadi mlangoni, akadhani ameota.

Mwishoni kabisa kipande kiliruka. Upendo akazima, akasimama na mikono kichwani. Gerald akapiga magoti kwenye unga, akapapasa, akakipata chini ya mguu wa meza, kidogo kama ukucha wa mtoto. Wakakirudisha kwa gundi, na sasa ukitazama vizuri unaona mahali kilipoungwa.

Kabla ya kuendelea Upendo aliligonga kwa ukucha wake, akainamisha sikio. Mama naye akainama. Lililia kama kikombe.

Kalamu iko hapa nyumbani. Upande mmoja ni mkono wako, laini, rangi ya ukwaju. Upande wa pili ni mkono wa Upendo, una madoa meusi ya kahawa na sehemu mbili tatu zisizo sawa. Ungecheka, halafu ungesema ipo vizuri. Kanga imerudi kwa Mama. Mlango wa karakana unafunguliwa kila asubuhi, ajira ya Upendo ije au isije, na magunzi mapya ya Mzee Mhina yananyweshwa gundi mapema, hayasubiri. Ndugu na jamaa, karibuni Jumapili hii nyumbani Kerenge, tutakuwa na ibada fupi ya shukrani. Kahawa itakuwepo, iliyobaki.

Tulipokaa kuandika tangazo hili, Upendo aliuliza nani aandike majina ya mwishoni. Mama alinyoosha mkono. Aliandika taratibu, akiigeuza kalamu kila baada ya jina moja kuitazama. Haya hapa chini ni kama alivyoyaandika, na kwa mpangilio wake.

Mimi mkeo Raheli. Wanao Upendo, Gerald na Janeth. Kaka yako Matayo, Kerenge. Rafiki yako Mhina, Handeni, ambaye amesema aandikwe na yeye. Jirani Mwaija.

Tunakukumbuka leo, Baba Upendo, na siku zote tutakukumbuka. Nimeandika mwenyewe.