Redio ya Darasa la Tatu, Kipungani

Jumatatu, 31 Januari 1966

Redio imefika. Karani wa elimu, Bwana Philip, kaileta kutoka mjini Lamu ndani ya gunia. Betri sita, kijitabu cha mwalimu, na fomu kumi na mbili. Kila Jumanne saa tatu asubuhi darasa la tatu litasikiliza Kiingereza kutoka Nairobi, dakika ishirini. Kisha mimi nijaze fomu: watoto wamesikiaje, wamependa nini.

Nikamuuliza fomu zinasomwa na nani. Akasema, wakubwa. Wakubwa gani? Akacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Alipokuwa anaondoka akanidokezea kwamba mwisho wa mwaka walimu wasio na cheti watapunguzwa. Wachache watapelekwa chuoni, waliobaki kwaheri. Miaka kumi na moja nafundisha hapa Kipungani, na cheti sina. Sasa wanaleta sanduku linalofundisha bila mshahara, na mimi ndiye wa kuandika kwamba linafundisha vizuri!

Jumanne, 1 Februari

Saa ya mezani niliirekebisha jana magharibi, kama kila siku. Jua likizama tu, Mzee Barka, muadhini wetu, huirudisha saa ya msikiti kwenye kumi na mbili kamili, na kijiji kizima tunaifuata. Leo ilipogonga saa tatu nikafungua redio.

Mwanamume anafundisha hesabu za asilimia! Kiingereza cha mbio. Nusu ya maneno mimi mwenyewe sikuyashika. Kijitabu kinasema leo ni wimbo wa bata. Bata yuko wapi? Ummu, yule msichana wa dawati la mbele asiyefunga mdomo, akaniuliza, "Mwalimu, hoyo ataka nini?" Nikamwambia anyamaze asikilize.

Nimewaza mchana kutwa. Ama wamekosea huko Nairobi, ama ni mtego. Atakayelalamika hakuelewa, ndiye asiyejua Kiingereza. Asiyejua Kiingereza, nje. Basi mimi silalamiki. Nimejaza fomu kwa kufuata kijitabu: watoto wameupenda wimbo wa bata.

Jumanne, 8 Februari

Hesabu tena. Fomu: vizuri sana.

Jumanne, 15 Februari

Hesabu. Baada ya somo mtangazaji akataja saa — ati saa nne kasoro dakika tano. Yangu inasema saa tatu na dakika ishirini na moja. Hata saa hawaijui, na hawa ndio wa kunifundishia watoto. Nikazima. Betri si za kuchezea.

Jumanne, 22 Februari

Leo hata hesabu hakuna. Hotuba. Mtu anahutubia, makofi, anahutubia tena. Wananijaribu, najua. Kijitabu kinasema hadithi ya kobe aliyeingia jikoni. Nikaandika kwamba watoto wameipenda mno, wameisimulia upya tangu mwanzo hadi mwisho. Nilizidisha chumvi kidogo, nakiri.

Mke wangu Kulthum alikuwa anasuka ukili pembeni. Akaniuliza, "Waandikaye kitu hukukisikia? Ndia ya mwongo fupi, bwana." Nikamwambia asuke mkeka wake.

Ijumaa, 4 Machi

Barua ya ofisi. Fomu za Kipungani zimependeza kuliko za shule zote! Mgeni atatoka Nairobi tarehe 15 kuja kuzungumza na watoto. Aya ya mwisho, kimyakimya: Jumatatu naletewa mwalimu mwenye cheti "kunisaidia".

Nimeisoma mara tatu ile aya. Anayesaidiwa hajaomba.

Jumatatu, 7 Machi

Mwenyewe ni Bi Jerioth, mtu wa bara. Kijana, mpole, saa mkononi, daftari kubwa jeusi. Alikuwa anafundisha Witu. Kaketi nyuma ya darasa langu siku nzima, anaandika. Nikimtazama, anatabasamu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa yangu ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na sita. Bi Jerioth akainuka. "Mwalimu, mbona hufungui redio? Ni saa tatu." Nikacheka. Nikamwonyesha saa ya mezani. Akanionyesha ya mkononi. Hakubishana, akaenda akafungua mwenyewe.

Sauti ya mwanamke, polepole, tamu. Anawasalimia darasa la tatu. Watoto wakaiitikia redio! Akawaambia wasimame, wakasimama. Gusa pua, wakagusa pua. Ummu alicheka mpaka akakaa chini. Dakika ishirini nzima, kila neno wamelishika.

Mimi nilisimama mlangoni. Kumbe wiki zote hizi nilikuwa nafungua somo letu likiwa limekwisha, nawapa watoto wangu hesabu za darasa la saba. Kasoro ya nusu saa na zaidi! Bi Jerioth akanieleza kwamba saa ya Nairobi hairudishwi jua likizama. Ni moja kwa nchi nzima.

Jioni nikampelekea Mzee Barka habari. Akanitazama kama niliyerukwa na akili. "Na hiyo ya Nairobi yafuata nini, kama si yua?" Akairudisha mishale kwenye kumi na mbili, akaadhini.

Jumatano, 9 Machi

Bi Jerioth kaomba kuona nakala za fomu. Sikuweza kumnyima, ni mali ya shule. Akazisoma moja moja. Kwenye ya nne akasimama.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba tarehe 22 hapakuwa na somo. Wao Witu walikaa tayari tangu kabla ya saa tatu, wakapata hotuba tu. Somo la kobe liliahirishwa, mpaka leo halijatangazwa. "Mgeni ametoka huko huko redioni, mwalimu. Hilo analijua." Ananishauri niandike barua Lamu kabla hajafika, nieleze habari ya saa. Kukosea saa si aibu, anasema.

Si aibu! Barua ya kukiri uongo, kwa mkono wangu, sahihi yangu chini. Na nikishafukuzwa, nani yuko hapa tayari na cheti chake? Na nani anajua kama ni kweli habari hiyo ya tarehe 22? Mimi nilisikia hotuba, ndiyo, lakini niliisikia baada ya saa yao. Labda somo lilitangulia. Labda ananitisha.

Ijumaa, 11 Machi

Niliandika barua. Nikaichana. Kulthum aliokota vipande. Naogopa.

Jumatatu, 14 Machi

Nimewaambia watoto: kesho wageni wakiuliza, jibuni vizuri, msinitie aibu. Basi. Sikusema zaidi ya hapo.

Jumanne, 15 Machi

Naandika nje, chini ya dirisha la darasa. Bwana Philip na mgeni, Bwana Douglas, wameniomba nitoke ili watoto wawe huru. Bi Jerioth yumo ndani, kaketi nyuma. Ana fomu zote Bwana Douglas, nimeziona mkononi.

Alianza na salamu. Ana Kiswahili kizuri. Kisha akauliza ni nani anaikumbuka hadithi ya kobe aliyeingia jikoni, ya tarehe 22.

Nikaomba, ya Rabi, waseme hawaijui. Waseme tu hawaijui.

"Mimi," akasema Ummu. Na akaisimulia! Kobe kaingia jikoni kwa bibi harusi, kala wali wa nazi, kalala chunguni. Yote ya kwake mwenyewe. Wengine wakadakia, paka alimuona, mpishi alipiga kelele. Darasa zima. Nimewachapa watoto hawa kwa uongo mdogo kuliko huu.

Bwana Douglas hakucheka. Akauliza waliisikia kwa mwalimu au redioni.

"Redioni," akajibu Ummu. "Mwalimu alikuwa kimya kabisa."

Sauti ya karatasi. Bi Jerioth alisema kweli, basi: tarehe 22 hapakuwa na somo. Siku tano nilikuwa nazo za kuandika ile barua, nikazitumia kumchunguza yeye.

Bwana Philip sasa anauliza, "Mwalimu wenu yuko wapi? Mwiteni."

Nikainua kichwa. Ummu yuko dirishani, ananitazama. Mato kwa mato. Akageuka akawaambia, "Hayupo. Amekwenda msikitini."

Sikumwambia aseme hivyo. Wallahi sikumwambia.

Bi Jerioth naye hamkanushi. Nasikia viti vinasogezwa, wanakuja. Nikisimama sasa, Ummu ni mwongo mbele ya wageni na wenzake wote. Nisiposimama, uongo wangu anaubeba mtoto —