Moraa na Figo la Mbuzi

Mpendwa Kwamboka,

Hapa Kebirigo hatujambo. Chai imechipua vizuri, na babu yako ameanza kutembea bila mkongojo.

Umeniuliza itakuwaje ukimsaidia mwenzako kudurusu baiolojia, halafu akupite.

Nilipokuwa kidato cha sita, mtihani wetu wa baiolojia uliangukia Jumatatu, na mada ya figo ilikuwa imetushinda. Sisi Wasabato hatukugusa kitabu Jumamosi. Rafiki yangu Moraa, Mkatoliki, aliisoma siku hiyo peke yake. Jumapili alipotoka misa alipitia kwa mchinjaji, akatuletea figo la mbuzi bwenini na kulipasua kwa wembe.

"Shika hapa," aliniambia. "Damu inaingilia huku. Sasa nieleze wewe."

Nilikosea. Alicheka, akanirudisha mwanzo, mpaka nikaweza kumweleza bila kukwama.

Kesho yake swali la figo lilikuja. Nilijibu nikiviona vidole vyake.

Mjukuu wangu, Moraa alinisaidia na bado alinipita. Lakini matokeo yalipobandikwa ukutani, alitafuta jina langu kabla ya lake.

Nyanya yako,
Kerubo