Kompyuta Yako Waliigawa Kama Nguo

Kaka Yohana,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijazoea kuongea na wewe bila kukuamkia.

Duka bado lipo, hapa hapa Manyoni, na mlango bado unagoma kufunga. Wateja wanakuulizia. Wakinikuta mezani na bisibisi wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikisema fundi ni mimi, wanasema watarudi. Vumbi linajaa kwenye feni za kompyuta kama zamani, na simu iliyoanguka kwenye ndoo bado wanaileta imezikwa ndani ya mchele. Mchele, kaka! Juzi nilichokonoa punje kwenye tundu la chaji, nikacheka, nikageuka nikuonyeshe. Nikaona kiti kitupu. Nililia mpaka mwenye simu akasema, basi dada, nitanunua nyingine.

Sina wa kubishana naye. Nani mwingine atanibishia kutwa nzima kwamba kompyuta huendeshwa kwa kuandika amri, si kwa kubonyeza vipicha? Nani atanitoa nje nitazame satelaiti ikipita, ugali unaungua jikoni? Nimechoka kuwa na akili peke yangu.

Sasa nikuambie kilichotokea, maana ndicho kilichonikalisha hapa kuandika.

Siku ya kuanua matanga, wazee walikaa uani kugawa vitu vyako: mashati, koti, baiskeli. Sisi wanawake tulikuwa jikoni. Nikasikia kompyuta inatajwa, nikatoka mbio na mwiko mkononi, nikakuta wamemaliza. Waliigawa kama nguo. Kioo kwa baba mdogo wa Ihanja, kibodi kwa binamu, na lile boksi lisilo na mfuniko, tulilolijenga kwa mabaki ya kompyuta zilizokufa, kwa baba mdogo Mathayo wa Sekenke. Nikasema, wazee wangu, hicho ni kitu kimoja. Shangazi akanivuta kanga. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Binti, acha kila mtu apate kumbukumbu." Ndiyo desturi yetu, na kwa mashati inafaa.

Lakini diski ilikuwa ndani ya boksi, na kwenye diski ndimo ulimomrekodia mtoto. Ulipoambiwa figo hazitapona, na wifi Rehema ana mimba changa, ulianza kujifungia stoo na ile maiki yako ya kuunga kwa selotepu. Nikigonga unasema, "Ondoka, naongea na mwanangu." Nikakuomba unipe nakala nikutunzie. Ukakataa, eti ni mambo ya baba na mtoto. Wewe! Wewe uliyekuwa unagombeza mpaka mapadri: "Hujaweka nakala mahali pengine, sasa unalia nini?" Nimekukasirikia, kaka. Nimekukasirikia pale pale kaburini, watu wakidhani nasali.

Kioo nilikipata Ihanja bila shida. Kilikuwa sebuleni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kinasubiriwa kionyeshe taarifa ya habari. Nikaenda Sekenke.

Baba mdogo Mathayo alinipokea vizuri, akachinja kuku. Nilipouliza habari za boksi, akanipeleka kwenye karasha wanaposagia mawe ya dhahabu. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia, Krismasi ile, mkitaniana, kwamba ndani ya kompyuta kuna dhahabu. Na ni kweli imo, kidogo mno, imepakwa kwenye meno ya bodi, vile vibao vya ndani. Mzee hakusahau. Alizisaga bodi zote, akaosha, akatia zebaki, akachoma. Hakupata hata ya kupaka ukucha. Alinisimulia kwa masikitiko, kama vile na mimi nilikuwa na fungu langu humo.

Nikamuuliza kuhusu kile kidude kizito cha chuma. Akasema alikifungua, hakikuwa na dhahabu, ila kilikuwa na kioo kizuri. Akanionyesha ukutani. Sahani ya diski, kaka, imening'inizwa kwa uzi juu ya beseni. Ananyolea ndevu hapo. Wanaifuta kwa sabuni na kitambaa. Nilisogea nikaona uso wangu, na mikwaruzo imepita juu yake. Sauti yako ilikuwa humo.

Nilipomweleza, mzee alikaa chini kwenye vumbi. Hakujitetea. Baadaye aliishusha mwenyewe, akaifunga kwenye leso, akanipa. Akasema, "Nimemziba mdomo mtoto wa kaka yangu." Niliitia kwenye mkoba, sikumfariji.

Nimeitazama kwa lenzi upande huu na upande ule. Hakuna mashine itakayoisoma. Unajua kuliko mimi.

Mtoto amezaliwa. Ni wa kiume, ana paji lako la uso, masikini. Wifi hajui chochote. Kila nikienda anamwinua na kumwambia, "Shangazi akimaliza kutengeneza kompyuta, baba ataongea na wewe." Mimi natabasamu, nasema kuna kifaa nasubiri kutoka Dar. Jumapili wanambatiza, na wifi anataka sauti yako isikike mbele ya ndugu wote. Ameshaazima spika za kwaya.

Kwa hiyo kesho naenda kwake. Nitamshika mikono nimwambie, wifi, Yohana hataongea tena. Atalia upya kama siku ile tuliyokuzika, na mimi nitakaa naye hapo hapo. Kuna rafiki alinishauri nitafute kijana mwenye sauti kama yako, arekodi maneno mazuri ya baba, mtoto atajuaje. Niliondoka bila kumuaga.

Pumzika, kaka yangu. Nitamlea mwanao, nitamfundisha kushika bisibisi. Na siku atakayoniuliza baba alimwambia nini, nakuahidi nitamjibu kwamba sijui.

Dada yako,
Naomi