Mfarishi Wako Nimeufumua

Mama,

Nianze na lile litakalokuudhi, mengine yafuate. Ule mfarishi wa viraka uliouacha nusu, nimeufumua. Wote. Mishono yako nimeikata kwa wembe, uzi nikauvuta mmoja mmoja, sufi nikaimwaga kwenye karai. Kuluthumu alikuwa mgongoni ananipigapiga shingoni, utadhani umemtuma.

Nililia, ndiyo. Lakini sikuacha.

Tangu uondoke, chumba hiki cha Shauri Moyo kimekuwa kikubwa, mimi sijui kimepanuka lini. Juma analala kitandani kwako. Baba yake yuko na treni za mizigo, akirudi leo kesho kutwa hayupo. Nafua, napika, nanyonyesha, naanza tena. Nimechoka, Mama. Wewe ndiye ulikuwa ukiniambia, "Lete mtoto, ukajinyooshe." Sasa hakuna wa kuniambia.

Ilipokwisha arubaini, Mama Mkubwa Zena alikuja kuchukua nguo zako ampelekee Bi Mishi aliyekuosha siku ya maziko, kama ilivyo desturi yetu. Nilizikunja mwenyewe: leso, magauni, buibui, hata makubazi yako ya Kariokor. Sikunung'unika. Kisha dada yako akanyoosha kidole juu ya kabati. "Na ule."

Nikamwambia, "Ule Mama hakujifunika hata siku moja. Si nguo, ni kazi aliyoiacha."

"Na nani ataimaliza? Wewe? Mwenye kushona viraka vya suruali vikaanguka njiani?" Akanipa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Usipokwisha, aubebe.

Ningeweza kuumaliza kwa namna yako. Kujaza sufi, kushona pembeni, kufunga uzi kwenye pembe nne, basi. Lakini Mama, namna yako ilikuwa na kasoro, na hukutaka kuambiwa. Unaukumbuka ule wa Juma? Ulipofuliwa mara moja, sufi yote ilikimbilia miguuni. Baridi ya Julai yote mtoto alilala kifuani shuka tupu, miguuni gunia. Ukacheka: "Ukung'ute, utakaa sawa." Nilikung'uta mpaka mabega yakaniuma. Haukukaa.

Basi nilikwenda holi la mtaa, kwenye darasa la ushonaji la mwalimu Rosa. Huyo huyo, Mmaragoli, mke wa karani wa kanso ya mji, uliyemkataa mbele za watu. "Mtu wa bara anifundishe sindano mimi, niliyezaliwa Mombasa?" Anafundisha, Mama. Na anajua.

Unatandaza kitambaa cha amerikani chini, sufi katikati, viraka juu. Unapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, tabaka zote tatu pamoja ukianzia katikati, unakwenda nje. Kisha unashona mistari kutoka upande hadi upande, kati ya mmoja na mwingine vidole vitatu, sindano itokee chini kila mara. Sufi inabanwa kwenye vyumba vyake, haina pa kukimbilia.

Mikono yangu ni yako, ikaanzia pembeni. Nilipofika katikati kitambaa kimevimba tumbo. Mwalimu akaliita darasa zima. "Njooni muone, huyu wa kwetu anajifungua lini?" Wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nikacheka nao, nikafumua mara ya pili.

Nilishona kila Kuluthumu alipolala. Vidole vilitoboka. Baba Juma aliporudi safari akaninyang'anya sufuria, akapika ugali mwenyewe, mbichi katikati, tukaula.

Ijumaa Mama Mkubwa akaingia nimebakiza upindo wa upande mmoja. Hakukaa. "Haujesha," akasema, mkono umeshanyooshwa. Nikamwambia, "Shikamoo Mama Mkubwa, siku bado ina jua." Nikaendelea kushona, mtoto ananyonya, yeye amesimama juu yangu kama askari wa kukagua pasi za njiani. Nikakata uzi kwa meno. Akaugeuza, akaguna: "Mazuri ya macho haya. Tutauona ukifuliwa."

Niliubeba mpaka bombani, jirani wakitazama, nikauchovya wote. Nikaukanyaga kwa miguu, nikaukamua, nikauanika kambani mbele yake, maji yakimwagikia viatu vyake. Akaupapasa pembe hadi pembe, akatafuta bonge. Hakulipata. Akasema "Haya," akaondoka bila chai.

Ulichukua siku tatu kukauka. Juma analala humo, mwili mzima una joto.

Radhi yako naitaka, Mama, sana. Lakini sitakuomba msamaha kwa kufumua. Viraka ni vyako, ulivichagua wewe, sijabadilisha hata kimoja. Mishono ni yangu.

Na Bi Mishi sitamsahau. Alikuosha taratibu, akakufunga nywele kama unavyopenda. Nakuahidi atapata mfarishi wake, mpya, wa mkono wangu, na nitaupeleka mimi, si kwa kuagizwa na mtu. Mabaki ya vitambaa nimeshaanza kuomba kwa fundi cherehani wa Kihindi. Kuluthumu akikua nitamkalisha hapa nimfundishe. Naye akiona nimekosea, na afumue.

Pumzika, Mama yangu. Nuna kidogo ukitaka, kisha unipe radhi.

Mwanao,
Halima