Pikapu Imewaka, Tumeenda Wote

Baba Nzuki,

Isyo ya mahindi na maharagwe iko jikoni, ipashe moto. Mbuzi wanywe maji. ~~Usitungoje.~~ Tungoje, tutarudi jioni.

Pampu ya pikapu ni nzima! Jana ulipoona dizeli ikivuja ulisema imekufa, tuuze gari kama chuma kikuukuu, na mama yako alisikia. Leo ndiyo zamu yake ya kupasuliwa jicho hospitalini mjini Wote. Alilala bila kula.

Kwa hivyo ulipoenda shambani nilipangusa injini ikakauka, nikainyunyizia unga wa chapati nione dizeli inavujia wapi. Nikamkalisha mama yako mbele ya usukani, awashe.

“Ngai, itaniua!” akalia, lakini akazungusha ufunguo. Unga ukalowa mahali pamoja tu, kwenye ule mpira mwembamba unaorudisha dizeli kwa tangi. Ulikuwa umepasuka. Nikatoa mpira mpya kwa sanduku lako (usinune), nikaukata, nikaukaza. Tukawasha tena. Hata tone moja halikuanguka!

Mama yako amecheka mpaka leso ikamtoka kichwani. Anasema jicho likipona, cha kwanza anachotaka kuona ni uso wako mimi nikiendesha.

Mama Nzuki, fundi