Magodoro ya Studio

Jumatatu, 14 Julai
Narekodi tangazo la dawa ya kunguni, tena. Mteja anataka sauti ya kuchekesha, ila isichekeshe sana. Haya. Ndiyo kwanza nimeipatia, Mzee Nasoro akagonga dirisha langu kwa fimbo. Nyumba yake na hii niliyopanga zinatenganishwa na uchochoro wa kupita mtu mmoja. Ko ko ko, imo ndani ya tangazo. Nimerudia yote. Nina hasira!

Jumatano, 16 Julai
Kanishtaki kwa mjumbe wa mtaa. Mie! Sipigi singeli, sina spika la nje. Narekodi sauti yangu tu, wamachinga wakaicheze kwenye vipaza sauti vyao. Mjumbe kasema ikifika Jumapili bado nasikika uchochoroni, nifunge studio. Kwa hiyo nile nini? Nimempa mzee shikamoo, kaitikia kwa pua. Nimemuuliza kinachomkera hasa nini. "Kelele." Akageuka. Roho mbaya tu. Mkewe, Bi Salma, ndiye alikuwa mtu wa watu. Tangu mzee atuambie mkewe kaenda Lindi kwa dada yake, hashikiki.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemwita fundi aliyenibandikia trei za mayai ukuta mzima. Eti trei zinaua mwangwi wa humu ndani tu, sauti ya kwenda nje inatoka kama kawaida. Inapitia dirishani na juu kwenye bati. Nikamuuliza, siku ile mbona hukusema? Anang'ata kucha. Eti kila mtu anaweka trei. Nimemtimua. Trei nimezing'oa mwenyewe, nyingine bado zina manyoya ya kuku. Na mie mjinga, nilizisifia.

Ijumaa, 18 Julai
Magodoro! Nimekusanya ya ukoo mzima: la mama, la dada, mawili ya shangazi wa Mbagala. Wao wamebaki na mikeka, wananisonya. Ukutani, dirishani, mengine juu kwenye fremu ya mbao. Watu wanavaa masweta Julai hii, mie natota jasho na kanga moja. Feni siwashi, inavuma. Lakini nimeacha simu inaimba ndani, nimesimama uchochoroni: holaa! Hakuna kitu. Kesho jioni namleta mjumbe asikilize, na mzee awepo. Nataka niione sura yake.

Jumamosi, 19 Julai
Nilikuwa studio tangu asubuhi. Sikusikia kitu. Nimetoka kwenda kuchota maji, nakuta wanawake wamejaa uchochoroni wanalia, wengine wameshika vichwa.

Bi Salma kafariki. Hakuwa Lindi. Alikuwa chumba kile kile kinachotazamana na dirisha langu. Walimrudisha usiku kutoka huko akiwa mgonjwa, na mwenyewe hakutaka watu wamuone alivyokonda.

Hasira zimenipanda upya. Kwa nini hakusema? Mgonjwa. Neno moja tu, mzee! Ningehamia kwa mama hata miezi. Kumbe mie kutwa kucha nampigia kelele za kunguni mtu anayekata roho. Nimemchukia mzee, nimejichukia mie, nimemchukia na mjumbe, maana lazima alijua.

Jumapili, 20 Julai
Tumezika. Ndugu wa Lindi wameingia, kundi zima, na wanalala matanga. Wanawake wanahangaika kutafuta vya kulalia. Mie hakuna aliyeniomba. Pengine waliogopa. Nimeng'oa magodoro yote, nimeyabeba moja moja mpaka ndani kwa mzee. Hakuniangalia. Studio imebaki kuta tupu na misumari. Mjumbe kanipita mlangoni, Jumapili yake hakuitaja.

Alhamisi, 31 Julai
Ndugu wameshaondoka. Magodoro yamerudi yananukia ubani. Mzee Nasoro kayaleta mwenyewe, akaningojea nishike nyundo, akawa ananishikilia huku na mie napigilia. Lile la dirishani ndilo alilolizuia.

"Hapa paache wazi, mwanangu."

Nikamwambia atasikia dawa ya kunguni kutwa nzima. Kasema si neno, kule kwake kumepoa mno. Akaenda zake.

Nimeacha wazi. Mchana nimerekodi tangazo la viatu vya shule. Nimesoma kwa sauti yangu ya kawaida, sikuipunguza.