Shuka Lenye Jina Lako

Gitega, Burundi
9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Salima,

Assalamu alaikum. Ramadhani imetukuta wazima, tunamshukuru Mungu. Wewe na mumeo Faridi mnaendeleaje, na baridi ya Ubelgiji imelegea huko Liège? Mjukuu wangu Latifa ameanza kufunga, au anafunga mpaka adhuhuri kama ulivyokuwa ukifanya wewe, halafu unatangazia mtaa mzima kwamba umefunga?

Mume wangu Waziri mgongo umemtulia. Mimi afya ninayo, utulivu sina. Barua hii nimeianza, nikaiacha, nikaenda jikoni bila haja ya kwenda, nikarudi. Sikutaka kukupigia simu. Kwenye simu nitapaza sauti, na wewe utasema mtandao ni mbaya.

Kabla ya mwezi kuandama nilikwenda Muyinga kuzuru kaburi la mama yako. Majani yamefyekwa, ukuta mdogo umesimama vizuri. Jirani yake Amisa bado anauza vitumbua barazani na bado anaongea kushinda redio. Mvua imenyesha mapema huko, maharagwe yamependeza.

Sasa nije kwa linalonikosesha usingizi.

Unalikumbuka lile ghala la kahawa la njia ya Itaba, lenye popo? Limekuwa makumbusho ya sanaa ya leo. Wabelgiji walilijenga kwa matofali ya kuchoma, milango mipana ya kupitisha magunia, madirisha juu kabisa karibu na paa ili mwizi asifike. Baadaye likawa la ushirika, kisha likafungwa. Wafanyabiashara walilitaka liwe bohari ya saruji. Nilipambana nao redioni mpaka mmoja akaniuliza nina kazi gani nyingine. Mji huu tayari una nyumba ya vitu vya kale, na watu wamezoea kudhani kwamba sanaa yetu ilikufa pamoja na wafalme. Nilitaka mahali pa watu wanaotengeneza sasa, wakiwa bado wanadaiwa kodi na wanaumwa meno.

Na pamekuwa pazuri, siwezi kukuficha. Madirisha yale ya kuzuia wezi yanamwaga mwanga kutoka juu kama maji. Kuta bado zinanuka kahawa. Kuna mtu wa Mutaho, mbebaji wa ndizi, ameunda kwa minyororo na spoki za baiskeli kundi la watu wanaosukuma mzigo mlimani. Melania wa Mwakiro, aliyekulia Tanzania, amechora mlango wa nyumba aliyoiacha huko. Mlango tu, ukubwa wake halisi. Nilisimama mbele yake nikakosa la kubishia, na unajua hilo si jambo la kawaida kwangu.

Kisha nikageuka, nikaliona shuka la mama yako limetanda katikati ya ukuta wa nyuma. Lile alilodarizi kwa ajili ya harusi yako, ukaliacha kwa sababu sanduku lilijaa. Hakuweka maua kama wenzake. Aliweka pikipiki za abiria, mlingoti wa simu juu ya mlima, foleni ya madumu ya njano kwenye kituo cha mafuta, na katikati ya foleni mwanamke aliyelala kajifunika kanga. Pembeni, kwa uzi mwekundu, SALIMA. Chini yake kibao cha makumbusho: Salima, msanii, anaishi Liège.

Nilimwendea msimamizi, kijana anayeitwa Urbano. Si mtu mbaya. Wazazi wake ni wakulima, wamerudi kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kama rula.

"Mama, jina limeandikwa palepale. Kwetu kule Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, mtu akiandika jina kwenye kitu, ni chake."

"Ni chake, ndiyo," nikamwambia. "Kikombe chenye jina lako ulikifinyanga wewe?"

Hakujua, Salima. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwetu sisi shuka la harusi huandikwa jina la bibi arusi, si la mama aliyejitoboa vidole. Nikampigia Amisa, maana ndiye aliyewaazima shuka; lilibaki kwake, akawa amelitundika kama pazia la chumba.

"Mi niliwaambia ni ya Mama Salima," akasema. "Na jina iko pale kwa shuka. Walitaka nini ingine? Nawe Hidaya, hata Ramadhani unagombana?"

Kila mtu alimwita Mama Salima. Mimi nilimwita dada. Jina lake likabaki kwenye kitambulisho na kaburini.

Nilidhani jambo limekwisha, kibao kitabadilishwa kesho yake. Ndipo Urbano, kwa haya, akaniambia kwamba waliwahi kukuandikia, na ukawajibu kwamba unashukuru kwa heshima na utakuja kwenye uzinduzi baada ya Idi, kuzungumzia kazi yako.

Kazi yako.

Sitakuita mwizi. Najua ulivyosoma sanaa huko, na michoro yako iliyolala chini ya kitanda kwa kuwa hakuna aliyewahi kukufungulia ukuta. Najua pia kwamba wageni watapenda zaidi msanii wa Liège aliye hai kuliko mjane wa Muyinga aliyekufa. Ugonjwa huo nimeupiga vita maisha yangu yote, na siwezi kuusamehe kwa sababu tu umeingia nyumbani kwetu. Lete michoro yako. Nitaibeba kichwani mpaka kwa Urbano, na atakayeikataa bila kuitazama atanitambua. Lakini ije kwa jina lako, iwe ya mkono wako.

Urbano amekiondoa kibao. Amesema hataweka kingine mpaka neno litoke kwako, kwa sababu wewe ndiye mtoto na wewe ndiye uliyewajibu. Nimeubishia uamuzi huo mpaka koo likakauka, kisha nikakubali kwamba ana haki. Ningeweza kuwaandikia mimi. Lakini nataka atajwe na mtoto aliyemzaa, kwa herufi zote. Mpaka hapo ukuta una shuka, na chini yake matundu mawili ya misumari.

Msalimie sana Faridi, umbusu Latifa. Waziri anakusalimu, Amisa pia, na anauliza kama nawe umeanza kuzeeka. Mungu akupe wepesi wa moyo katika mwezi huu, akufungulie mlango ulio wako.

Ni mimi nikupendaye hata nikikasirika,
Mama yako mdogo Hidaya,
mdogo wake Kulthumu.